Maswali Yenu: Hivi Mpaka wa Nchi Unaamuliwa na Nini?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi na mdogo wangu tumebishana mpaka tumenuniana. Ramani ya kwenye simu inaonyesha mpaka wa nchi kwa vidoti, atlasi yake ya shule ina mstari mzima tena umepita kwingine kabisa. Ipi ndo ya kweli?

JIBU: Marahaba, na mpatane basi, maana hapo ramani zote mbili zinaweza kuwa na haki ya kuchora hivyo. Mpaka kwanza ni maneno, yaani mkataba unaosema mstari unaanzia wapi, unafuata nini na unaishia wapi, halafu ndo wapimaji wanaingia porini kusimika vigingi, na kati ya hizo hatua mbili miaka mingi inaweza kupita bila hata kigingi kimoja kusimama. Mchora ramani anakuja mwishoni, akikuta majirani hawajaelewana anaweka vidoti asigombane na mtu. Mwaka 1986, kwenye kesi ya Burkina Faso na Mali, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema wazi kuwa ramani peke yake haimpi mtu umiliki wa ardhi, ni taarifa tu.

Ila kuna kesi moja inaharibu utamu wa hiyo kanuni. Mkataba wa 1904 ulisema mpaka wa Siam, ndo Thailand ya leo, na Kambodia ufuate mgongo wa milima pale maji ya mvua yanapogawanyika. Wafaransa waliokuwa wanaitawala Kambodia wakachora ramani ikaliweka hekalu la Preah Vihear upande wa Kambodia, Siam wakaipokea, wakakaa kimya miaka na miaka. Wamekuja kulalamika, mahakama mwaka 1962 ikawaambia hapana, mlinyamaza, maana yake mlikubali. Hekalu likaenda Kambodia. Kwa hiyo swali la kumuuliza mdogo wako sio ramani ipi imechorwa vizuri, muulize nani aliikubali.

Na kuna ardhi haina anayeitaka kabisa! Mwaka 1899 mpaka wa Misri na Sudan uliwekwa kwenye latitudo ya 22, mstari ulionyooka, halafu 1902 ukachorwa mwingine wa kiutawala unaopindapinda. Misri wameshika wa 1899, Sudan wa 1902, kwa sababu kila mmoja mstari wake unampa Halaib iliyo kando ya Bahari ya Shamu. Sasa Bir Tawil, kipande cha jangwa cha kama kilomita za mraba 2,000, kila mstari unakitupia mwenzake, na anayekidai atakuwa ameukubali mstari wa jirani na Halaib ndo basi tena.

SWALI: Mpaka ukiwa ni mto, mto ukihama na nchi inahama?

JIBU: Inategemea umehamaje, na mkataba wenu unasemaje. Kwa kawaida mto ukila ukingo taratibu, mpaka unaufuata, ila ukiruka ghafla kwa mafuriko ukajichimbia njia mpya, mpaka unabaki kule kwenye njia ya zamani hata kama pamekauka. Marekani na Meksiko waligombea kipande kinachoitwa Chamizal baada ya Rio Grande kuhama karne ya 19, wakaja kumalizana 1963.

Halafu kusema “mto ndo mpaka” hakutoshi, mto una upana. Botswana na Namibia walikuwa na mkataba wa kikoloni wa 1890 unaotaja katikati ya mkondo mkuu wa mto Chobe, ila mto wenyewe unakizunguka kisiwa kwa mikondo miwili, na mkataba haukusema mkuu ni upi. Mwaka 1999 mahakama ikaamua ni ule wa kaskazini, kisiwa kikawa cha Botswana. Baharini afadhali kuna vipimo: unaanzia pale maji yanapokupwa, maili 12 za baharini ni eneo lako, na mpaka maili 200 samaki na mafuta ni vyako, ilimradi jirani hayuko karibu.

SWALI: Kwa nini nchi nyingine zinabadili mikoa kila mara na nyingine haziguswi?

JIBU: Angalia mamlaka yametoka wapi. Ufaransa sheria ya kawaida ilitosha kupunguza mikoa ya bara kutoka 22 hadi 13 mwaka 2016. Marekani huwezi kumega jimbo bila bunge la jimbo lenyewe na Kongresi kukubali, katiba ndo inasema hivyo.

Ila msidharau mistari ya ndani, kesho inaweza kugeuka mpaka wa nchi. Hao Burkina Faso na Mali walikuwa wanagombania mstari wa kiutawala wa mkoloni mmoja huyohuyo, Ufaransa. Na Sudan Kusini ilipojitenga 2011, mpaka uliotumika ni ule wa mikoa kama ulivyokuwa tarehe 1 Januari 1956, siku Sudan ilipopata uhuru, na kuna sehemu mpaka leo wanavutana ulipita wapi.