Programu mpya ofisi ya usharika: anzeni mafunzo na bahasha za Jumapili

Usharika ukishanunua programu ya kutunza taarifa za washarika na sadaka, mafunzo mara nyingi huwa ya siku moja. Mtaalamu anakuja na projekta, anafungua menyu moja baada ya nyingine hadi saa kumi jioni, watu wanaitikia, wanaagana. Jumatatu karani anakuta rundo la bahasha mezani na hajui aanzie wapi, kwa hiyo anarudi kwenye daftari. Baada ya mwezi utasikia wazee wa kanisa wakisema watumishi wa ofisi hawaiwezi kompyuta. Hapo watumishi wanaonewa. Walionyeshwa menyu, na kazi wanayoifanya kila wiki haikuguswa.

Maelezo haya yanafuata sharika za Kilutheri za Tanzania, zenye bahasha za ahadi (zenye namba, ambamo msharika hutoa sadaka aliyoahidi), mitaa, na jumuiya, yaani vikundi vya washarika wanaoishi jirani. Kwa makanisa mengine majina yatabadilika, kazi ni ileile.

Pangeni vipindi vya saa moja na nusu, viwili kwa wiki, Jumanne hadi Alhamisi. Jumatatu ni ya sadaka na benki, Ijumaa ni ya matangazo ya ibada, msiziguse. Kila mtu akae na kompyuta yake, na mkufunzi asishike kipanya cha mtu hata akiona anachelewa. Msiweke mhasibu, karani na mwinjilisti kwenye kipindi kimoja isipokuwa cha kwanza, kwa sababu mhasibu hana haja ya kujua cheti cha ubatizo kinavyochapishwa. Na karani aliyekaa ofisini miaka mingi awe mshauri wa mkufunzi tangu siku ya kwanza. Yeye ndiye anayejua kwamba Mama Neema wa jumuiya fulani yumo daftarini kwa jina lake la kabla ya ndoa.

Kabla ya yote hayo, safisheni orodha ya washarika. Wengi wanataka kuiruka kazi hii, kisha wanakuja kuilipia. Orodha nyingi ziko kwenye Excel, na Excel ina tabia tatu za kuangalia. Kwanza, namba ya simu inayoanza na 07 inapoteza sifuri ya mbele, zinabaki tarakimu tisa. Pili, mkiiandika kwa 255 bila kupanga safu iwe ya maandishi, inaonekana kama 2.55712E+11, na faili likihifadhiwa kama CSV (faili la maandishi matupu) likiwa hivyo, tarakimu zilizobaki zimepotea moja kwa moja. Tatu ni tarehe. Kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani inasoma 03/04/1987 kuwa Machi 4, wakati karani alimaanisha Aprili 3. Lakini 25/12/1990 inaiacha kama maandishi tu, maana hakuna mwezi wa 25. Matokeo yake baadhi ya tarehe za kuzaliwa zinaingia vibaya na nyingine haziingii kabisa. Pangeni safu za simu na tarehe ziwe za maandishi kabla ya kuandika chochote, na tarehe ziandikwe kwa kuanza na mwaka: 1987-04-03. Jaribuni kuingiza watu 30 wa jumuiya moja, mzee wa jumuiya hiyo awahakiki mmoja mmoja, ndipo mwingize wengine.

Sasa bahasha. Kipindi cha kwanza cha sadaka kifanyike kwa bahasha halisi za karatasi, 20 zinatosha, ndani yake vipande vya karatasi vilivyoandikwa kiasi badala ya fedha. Programu iwe kwenye sehemu ya majaribio yenye majina ya kubuni. Halafu tegeni mitego ileile ya kila Jumapili: bahasha yenye jina bila namba, yenye namba ya mwaka jana, iliyoandikwa 20,000 nje na ndani mna 10,000, yenye ahadi 10,000 na sadaka ya jengo 5,000 pamoja, na isiyo na fedha ila kikaratasi kinachosema nimetuma kwa Lipa Namba. Kwa kila moja, ofisi iamue utaratibu na kuuandika. Ninachoshauri: kiasi kinachoingizwa ni kile walichohesabu wazee wawili, si kilichoandikwa juu. Tofauti iandikwe kwenye fomu na wote wawili wasaini. Bahasha isiyojulikana iingie kwenye jina moja la muda, “Haijatambuliwa”, na sehemu hiyo isafishwe kila Jumatano. Aliyetuma kwa simu asiingizwe kutoka kwenye kikaratasi hata kidogo. Aingizwe kutoka kwenye taarifa ya miamala ya mtandao wa simu, la sivyo fedha moja itahesabiwa mara mbili.

Mwisho wa zoezi, jumla ya programu lazima ilingane na fomu ya wazee, shilingi kwa shilingi. Isipolingana, wafundisheni kuisoma tofauti yenyewe. Fomu ina 412,000 na programu 403,000: tofauti ni 9,000, inagawanyika kwa 9. Tafuteni tarakimu zilizopishana, 54,000 iliyoandikwa 45,000, au sifuri iliyodondoka, 10,000 iliyoingia kama 1,000. Karani akiona jinsi hesabu inavyomwelekeza kwenye bahasha yenyewe, hofu ya kompyuta inapungua kuliko kwa maneno yoyote ya kutia moyo.

Kosa linaloumiza zaidi ni la tarehe. Programu nyingi huweka tarehe ya leo zenyewe. Sadaka ya Jumapili Agosti 31, 2025 ikiingizwa Jumatatu bila kubadilisha, inahesabiwa Septemba, taarifa ya mwezi inakosewa, na fungu linalopelekwa dayosisi linakosewa nalo. Kabla ya bahasha ya kwanza, karani aseme kwa sauti tarehe iliyoandikwa kwenye skrini. Inaonekana kama jambo la kitoto, lakini inafanya kazi.

Muamala uliokosewa usifutwe. Uandikiwe muamala wa kuubatilisha, pamoja na sababu, na aidhinishe mtu mwingine. Kila mtu awe na nywila yake. Nywila moja ya “ofisi” inamfanya mwaminifu na asiye mwaminifu wafanane, na siku fedha zikipotea atakayeumia ni karani.

Kuhusu SMS za matangazo kuna jambo dogo lenye gharama. Ujumbe mmoja unabeba herufi 160, lakini ikiingia alama moja isiyo ya kawaida uwezo unashuka hadi 70. Mkiuandika kwenye Word kisha mkaunakili, alama ya ng' kwenye jina kama Ng'wandu inageuzwa kuwa ile iliyopinda, na hiyo inatosha. Tangazo la herufi 150 linakuwa jumbe tatu, na kwa washarika 600 mnalipia SMS 1,800. Andikeni moja kwa moja ndani ya programu.

Daftari lisiachwe mapema. Endeleeni na vyote viwili kwa wiki 12 hivi, mkilinganisha kila Jumatatu. Kuanza Septemba ni vizuri, maana Januari namba mpya za bahasha zinapotoka zinaingia kwenye programu peke yake. Rejista za ubatizo, kipaimara na ndoa zibaki kwenye vitabu vyake hata baadaye. Programu iwe ya kutafutia tu, cheti kihakikiwe kitabuni.

Taarifa hizi ni amana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inahesabu imani ya dini ya mtu kuwa taarifa nyeti. Kwa hiyo orodha ya ahadi isitumwe kwenye kundi la WhatsApp la wazee, na mashauri ya ndoa yasiandikwe kwenye programu kabisa, hata kama ina sehemu ya “maelezo”. Mtumishi akihama au akistaafu, akaunti yake ifungwe siku hiyohiyo anapokabidhi funguo za ofisi.