Kabla hujatoboa dashibodi: geji za gari la turbo hapa Mombasa

Kijana mmoja wa Kisauni ameniandikia wiki hii. Amejipatia Subaru Impreza WRX, hongera zake, na kabla hata hajamwaga oili ya zamani ameshachagua geji. Tano. Akanitumia picha ya gari la mtu huko Japani, geji zimepangwa juu ya dashibodi kama sahani kwenye kabati la bibi harusi, na swali lake: "Kaka, nikianza na hizi tano nitakuwa sawa?"

Orodha yake ilikuwa hivi: busti (yaani presha ya hewa inayosukumwa na turbo), presha ya oili, joto la oili, volti, na ya tano ni saa. Saa ya kawaida kabisa, ya kujua kama adhuhuri imeingia. Bei yake inakaribia ya seti ya matairi mawili.

Nilimjibu kwa ufupi, ila najua hayuko peke yake. Ukiwa unasoma hapa, basi nawe una turbo tayari au unaihesabia pesa kimyakimya, mama watoto asijue. Kwa hiyo nitaeleza kwa urefu. Kabla hujatoa shilingi, ishike ile geji mkononi ujiulize: mshale huu ukihama nikiwa barabarani, mimi nitafanya nini? Kama jibu ni kuegesha, kupunguza mguu au kuzima injini, nunua. Kama jibu ni "nitautazama", hilo ni pambo, na mapambo yana duka lake.

Mimi WRX yangu ni ya 2006, ile ya taa zilizochongoka, injini EJ20 ya lita 2.0. Haya magari huwezi kuyaagiza tena, kwa sababu Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa. Yaliyoko nchini ndiyo hayo hayo tunauziana, na kila mnunuzi anarithi dhambi za waliomtangulia. Langu lilikuja na matundu manne ya skrubu juu ya dashibodi, gundi iliyokauka kwenye nguzo ya kioo, na waya tatu zilizokatwa zikaachwa zinaning'inia chini ya usukani bila hata kufungwa tepu. Mtu aliwahi kuwa na geji nyingi pale. Injini nayo ilikuwa ya pili. Jumlisha mwenyewe.

Nikaweka tatu tu. Presha ya oili, joto la oili, busti. Nikaridhika nafsi yangu, na Jumapili moja jioni nikaenda kuegesha kando ya bahari pale Mama Ngina kama vijana wengine. Jamaa mmoja mwenye Lancer Evolution akaja, akaingiza kichwa dirishani, akatazama, akawaambia wenzake: "Hili gari la ustadhi wa madrasa." Wakacheka wote. Na mimi nikacheka, ufanyeje. Gari lake lilikuwa na geji saba, zinawaka rangi ya buluu mpaka unamwona usoni kama mtu aliyezama. Nikaziangalia vizuri injini ikiwa inanguruma: mbili mishale ilikuwa imelala, haijaunganishwa na kitu chochote. Taa tu. Sikusema. Watu huniambia nimsamehe, na nimemsamehe, lakini kusahau sijasahau na sioni haraka ya kusahau.

Sasa sikiliza yaliyonipata mwezi uliopita. Natoka mjini kwenda Voi. Ukishapita Mazeras unajua barabara inavyopanda, malori mbele, malori nyuma, jua la saa saba. Joto la oili likapanda mpaka nyuzi 118, hilo kwangu la kawaida kwa mlima ule. Kilichonishtua ni presha. Gari langu likiwa moto na limesimama, presha hukaa juu kidogo ya bari 1. Kwenye foleni karibu na Mariakani ikawa 0.7, na kabla ya hapo kwenye kona nilikuwa nimeuona mshale unatetemeka, jambo ambalo haufanyi. Injini inalia vizuri. Hakuna mlio wa kugonga. Taa nyekundu ya oili haijawaka, na isingewaka: kwenye magari mengi taa ile inangoja mpaka presha imekaribia sifuri ndiyo iamke, na wakati huo beringi za kranki zimeshaanza kulana.

Nikazima papo hapo, nikapigia gari la kubeba. Wenzangu niliokuwa nao waliona nina wazimu, mmoja akasema tuongeze oili tu twende. Fundi alipofungua sampu, ile sinia ya oili chini ya injini, akakuta bomba la kunyonyea oili limepasuka pale lilipochomelewa. Ni ugonjwa unaojulikana wa injini za EJ, bomba linanyonya hewa pamoja na oili. Beringi zilikuwa safi. Bomba jipya, gasketi, oili, fundi, nikarudi barabarani. Geji ile ingekuwa haipo, leo ningekuwa natafuta injini ya tatu. Na yule bwana wa geji saba, sitasema mengi, ila alinipigia baadaye kuulizia namba ya fundi wangu. Nilimpa. Ndivyo alivyonilea mama yangu.

Kwa hiyo presha ya oili ni ya kwanza, hata kama gari lako halina turbo, hata kama ni Mark X au GT86. Kipimo cha haraka wanachotumia wengi ni paundi 10 kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika, yaani kama bari 0.7. Lakini cha maana kuliko kipimo cha jumla ni kulijua gari lako: linasoma ngapi asubuhi likiwa baridi, ngapi likiwa moto limesimama, ngapi kwenye mizunguko 3,000. Ukishazoea, ukiona tofauti hauhitaji mtu akwambie.

Joto la oili ndilo la pili. Watu wanaliruka kwa sababu gari limekuja na geji ya joto la maji. Ile ya kiwandani kwenye magari mengi imetulizwa makusudi: mshale ukifika katikati unakaa hapo hapo wakati maji yanapanda na kushuka nyuzi nyingi, ili dereva asisumbuke. Ukiona umeondoka katikati, mambo yameshaharibika. Na oili haiendi sawa na maji. Inachelewa kupata moto. Unatoka Nyali, mshale wa maji uko katikati kabla hujafika darajani, kumbe oili ndiyo kwanza inaanza kupasha. Mimi siikanyagi turbo mpaka oili ipite nyuzi 80, na ikipita 130 naondoa mguu. Kwenye joto la hapa kwetu, na WRX intakula yake (kile kipoza hewa ya turbo) imelala juu ya injini ikisubiri upepo uingie kwenye tundu la boneti, foleni ya Daraja la Nyali inaipika kuliko mbio zozote.

Busti ya tatu, na najua ndiyo wewe uliyoitaka kwanza. Sikukatazi, hata mimi napenda kuuona mshale unaruka. Ila upande wenye faida ni ule wa chini ya sifuri. Gari limesimama, limepata moto, mshale uwe umetulia chini, wengi huona kama hasi 0.6 hivi. Ukianza kupanda kuelekea sifuri au kucheza, tafuta mpira uliopasuka au klampu iliyolegea. Upande wa juu unakwambia kama turbo inapita kiwango ilichopangiwa. Na tafadhali, niliwahi kuona geji ya busti kwenye gari lisilo na turbo. Mwenyewe alinieleza kwamba "inafanya kazi". Nikamwambia mashallah.

Volti inafaa kama una redio kubwa na amplifaya, vinginevyo kipimo cha mkononi kinatosha: injini ikiwa inawaka utaona kama 13.8 hadi 14.4, pungufu ya hapo angalia alteneta. Ile ya kupima mchanganyiko wa hewa na petroli ni ya gari lililopangwa upya kompyuta yake. Hujapanga, subiri.

Bandia zimejaa. Chapa ya Defi ni ya Nippon Seiki, Wajapani wanaotengeneza dashibodi za viwandani, na kwa sababu ya jina hilo ndiyo inayoigwa kuliko zote. Binamu yangu aliuziwa moja katika duka fulani la mjini, silitaji. Injini imezimwa, ufunguo umewashwa, presha ya oili inasoma bari 4. Muuzaji akamwambia itazoea. Kinachodanganya kwenye bandia mara nyingi ni sensa kuliko uso, na uso ndio unaoonyeshwa dukani. Bora geji moja ya kweli mwaka huu na nyingine mwakani. Nunua za umeme, sensa ikae kwenye injini na waya tu uingie ndani. Zile za zamani huleta oili ya moto kwa mrija mpaka mbele ya magoti yako, na mrija ukipasuka utakumbuka nilikwambia. Na fundi asikaze sensa kwa nguvu zake za ujana. Nyuzi za skrubu za sensa za Kijapani, saizi ya moja ya nane, ni 28 kwa inchi, za Kimarekani ni 27. Ukizichanganya zinaanza kuingia vizuri, zikifika katikati zinakula chuma cha injini.

Kuhusu mahali pa kuziweka, hapa ndipo nagombana na watu. Kila mmoja anataka nguzo ya kioo kwa sababu ndivyo zilivyo kwenye picha. Sisi dereva anakaa kulia. Kwenye raundabauti unampisha anayetoka kulia, na nguzo ya kulia ndiyo inayomficha. Ongeza hapo geji mbili za milimita 60, bodaboda nzima inapotea. Tuktuk inabaki nusu. Tena gari lako likiwa na mfuko wa hewa ndani ya nguzo ile, geji itarushwa usoni siku ya ajali. Mimi nimetumia za milimita 52, mbili nimeziweka katikati kwenye kijisanduku chini ya redio, moja juu ya usukani. Nissan Fairlady Z ya kwanza, ya 1969, ilitoka kiwandani na geji tatu katikati ya dashibodi zimemgeukia dereva, na mpaka leo hakuna aliyezipita kwa uzuri. Wala hakutoboa mtu.

Tena zungusha kila geji kabla ya kuikaza, ili usomaji wa kawaida uelekeze mshale juu wima. Maandishi yatakaa kombo, abiria atakuuliza kama fundi alilewa. Lakini wewe kwa jicho moja unajua kama yote yako wima. Mashindanoni wanafanya hivyo tangu zamani. Rangi ya taa ifanane na ya kiwandani, na waya wa taa uunganishwe na swichi ya taa za gari ili zififie usiku. Buluu ya yule bwana inarudi kwenye kioo cha mbele na barabara ya Mtwapa haina huruma. Gundi ya kubandika isahau, jua la hapa linaiyeyusha kabla ya Ramadhani ijayo. Kila geji ipite kwenye fyuzi, na pale unapofungwa waya wa ardhi pakwanguliwe rangi, waya ukazwe kwa boliti, upakwe grisi. Hewa ya chumvi inakula hapo kwanza, kisha geji inaanza kusema uongo na unamlaumu Mjapani wa watu.

Nimalizie hizo marekebisho nyingine alizoziorodhesha yule kijana wa Kisauni, maana orodha ilikuwa ndefu kuliko geji. Pedi za breki na matairi kwanza, hilo halina mjadala. Kushusha gari: pita Likoni maji yakiwa yamekupwa, uone ile pembe ya kuingilia feri, kisha uniambie bampa yako inapenda nini. Impreza iliyomshindia Colin McRae Safari Rally ya 1997 ilikuwa imeinuliwa, wala haikushushwa, na hakuna aliyewahi kuiita ya ustadhi. Spoila kubwa kuliko ya kiwandani, acha. Rangi mpya, ukiwa na hamu hiyo, peleka taarifa NTSA, ile mamlaka ya usafiri, logibuku ibadilishwe, usingoje kuelezwa na askari kwenye kizuizi cha Mtwapa.

Ekzosi ndiyo iliyobaki. Vijana wanakata sailensa kisha wanapita Mji wa Kale saa ya Magharibi, mtaa ambao ukikohoa jirani wa tatu anakwambia pole. Unataka sauti, chukua ya chuma kisichoshika kutu yenye sailensa kamili, ukae na mngurumo mzito usiopiga kelele; zipo, na kwa unyevu wa pwani zitadumu kuliko ile ya mabati iliyochomelewa kando ya barabara. Bei zake zimetofautiana sana siku hizi, kwa hiyo pita kwa mafundi angalau watatu kabla ya kukubali, na omba kuisikia kwenye gari la mtu mwingine kwanza.