Mama hataki kuamka kitandani

SWALI: Mama yangu, miaka 68, amefanyiwa upasuaji wa tumbo hapa Dodoma baada ya utumbo kujisokota. Leo ni siku ya nne. Hataki kuamka, anaogopa kukohoa mshono usije ukafumuka, na usiku anaweweseka, ananiita kwa jina la marehemu dada yake. Mguu wa kushoto umevimba. Shangazi amekuja na mafuta ya kuukanda. Nifanye nini? – Binti anayeuguza, Dodoma

JIBU: Pole sana, binti. Tuanze na mguu, maana huo haungoji. Mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake baada ya upasuaji, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Ukikandwa, bonge linaweza kung'oka na kwenda kuziba mapafu. Mwombe shangazi, kwa heshima zote, aweke mafuta pembeni, kisha mwite muuguzi sasa hivi. Usisubiri raundi ya asubuhi. Mama akibanwa pumzi ghafla au kifua kikimchoma, ni dharura.

Daktari akishauona mguu na kuruhusu atembee, shughulikieni maumivu kwanza. Wazee wetu ni wavumilivu. Ukimuuliza kama anaumwa atakujibu "afadhali". Usimuulize hivyo. Mwambie akohoe. Akishindwa, dawa haimtoshi, na hayo ndiyo maneno ya kumpelekea daktari. Dawa apewe kwa saa zake, si mpaka aanze kulia. Msimwongezee diklofenaki ya dukani: kwa umri wake inaweza kumuumiza figo na kumtoboa tumbo.

Nusu saa hadi saa moja baada ya dawa, mwamsheni. Alale ubavu, akunje magoti, ashushe miguu huku akijisukuma kwa kiwiko. Msimvute mikono, kwani akivutwa anakaza misuli ileile iliyoshonwa. Akae ukingoni mwa kitanda dakika mbili tatu mpaka kizunguzungu kiishe, ndipo asimame. Siku ya kwanza kufika kwenye kiti kunatosha. Safari fupi tatu au nne kwa siku ni bora kuliko moja ndefu.

Kila saa akiwa macho, avute pumzi ndefu mara 10, kila moja aishikilie sekunde 3. Kisha akunjiwe khanga, aikandamize kwenye mshono kwa mikono miwili, akohoe. Akijishika hivyo si rahisi mshono kufumuka kwa kikohozi. Makohozi yakibaki chini ya mapafu ndiyo yanayoleta nimonia.

Kuweweseka si uchawi wala si kichaa. Huwapata wazee wengi baada ya upasuaji, na chanzo chake mara nyingi huwa ni maambukizi, upungufu wa maji, mkojo uliobana, choo kigumu, au baadhi ya dawa za maumivu. Tatizo ni kwamba mchana hutulia, daktari akipita anamkuta mzima. Kwa hiyo andika saa na maneno aliyosema, umsomee. Mvalishe miwani yake, mchana apate mwanga wa dirisha, usiku akae naye mtu anayemfahamu. Usibishane naye, na usimnunulie dawa za usingizi.

Chakula kingoje ruhusa ya daktari. Akiruhusiwa, uji mwepesi, kidogo kidogo mara sita kwa siku. Baadaye yai, maziwa, mlenda wa karanga. Kidonda hakifungi kwa uji mtupu. Tumbo likijaa, akitapika, au asipotoa hewa kwa chini, simamisheni chakula na mmwambie muuguzi.

SWALI: Baba naye kapasuliwa tumbo, kesho anaruhusiwa, tunarudi Mpwapwa kwa basi. Tuangalie nini? – Msomaji, Mpwapwa

JIBU: Kabla hamjatoka wodini, ulizeni tarehe ya kutoa nyuzi na zahanati itakayomfunga kidonda. Njiani, wekeni khanga nene kati ya mkanda na mshono, na kila gari likisimama ashuke atembee. Kwa wiki 6 asinyanyue kitu kizito kuliko dumu la lita 5. Ndoo na jembe vipumzike.

Kidonda kifunikwe vumbi lisiingie, kisipakwe majivu, asali wala majani. Homa ya 38 kwenda juu, usaha, au wekundu unaopanuka: arudi hospitali siku hiyohiyo. La hatari kuliko yote ni majimaji ya pinki kumwagika ghafla, mara nyingi kati ya siku ya 5 na ya 10. Hapo safu ya ndani ya mshono inaachia. Mlazeni chali magoti yamekunjwa, funikeni kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji yaliyochemshwa yakapoa, asile wala asinywe, na utumbo ukionekana msiurudishe ndani. Tafuteni gari.