Wai-fai imeganda kwenye 54

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nimeweka Debian 12 (mfumo wa Linux) kwenye laptopu yenye kadi ya wai-fai ya Intel. Mtandao unashika, ila amri ya `iw dev wlan0 link` inaonyesha megabiti 54 tu, hata nikiwa karibu na ruta. Kwenye Windows ilifika 300. Je, ni famweya, ile programu ndogo inayoendesha kadi yenyewe?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Famweya iache kwanza. Kadi za Intel zikiikosa haziendi polepole, haziwaki kabisa. Tena tangu toleo hilo la 2023, Debian huiweka yenyewe wakati wa usakinishaji.

Hiyo 54 ndiyo inayonong'ona. Ni kikomo cha 802.11g, kiwango cha wai-fai cha 2003, maana yake kuna kitu kimezima 802.11n, kiwango cha kasi zaidi kilichofuata. Andika:

`grep -r 11n_disable /etc/modprobe.d/`

Ukiona `options iwlwifi 11n_disable=1`, mchawi ni huyo. Watu hupeana mstari huo kama dawa ya mtandao unaokatika, na wengi hawaambiwi kwamba unakata kasi. (Mimi siupendi hata kidogo.) Ufute, uwashe mashine upya.

Usipouona, ingia kwenye mipangilio ya ruta. Usimbaji (ulinzi wa mtandao) ukiwa TKIP, njia ya zamani, 802.11n haifanyi kazi. Weka WPA2 yenye AES.

Kasi ikipanda lakini kurasa zinasitasita, jaribu `sudo iw dev wlan0 set power_save off`. Amri hiyo huzima uokoaji wa umeme wa kadi, hivyo betri italia kidogo.