Kolmogorov na zile namba witiri: ni kweli au chai?

Swali: Ticha, jamaa kaniambia Andrey Kolmogorov, yule mwanahisabati wa Urusi, aligundua kanuni ya namba witiri akiwa na miaka mitano na shule hakusoma. Ni kweli? Na hiyo kanuni unaithibitishaje bila aljebra?

Jibu: Kakuchanganyia kweli na chai. Ya namba witiri ni kweli, mwenyewe alisimulia, alikuwa na miaka mitano sita hivi. Aliona ukijumlisha namba witiri kuanzia 1 unapata namba mara yenyewe: 1+3 ni 4 yaani 2 mara 2, 1+3+5 ni 9 yaani 3 mara 3, ongeza 7 ni 16, inaenda hivyohivyo. Kuthibitisha chukua vifuniko vya soda, panga 3 kwa 3 mezani, sasa ili ipatikane 4 kwa 4 unaweka vitatu juu, vitatu ubavuni na kimoja kwenye kona, jumla 7. Toka 4 kwenda 5 ni 4+4+1, yaani 9. Kila hatua ni witiri inayofuata, basi, kazi imeisha.

Shule alisoma bwana, tena sana. Mama yake alifariki akimzaa, Tambov, 1903, akalelewa na Vera, dada wa mama yake, kwa babu yake kule Tunoshna karibu na Yaroslavl. Vera na dada zake walikuwa na kishule hapohapo nyumbani, kina jarida lake, na huyo mtoto ndo mhariri wa hesabu! Aliuliza humo kifungo chenye matundu 4 kinashoneka kwa mitindo mingapi (mimi nahesabu hivi: mistari ya uzi kati ya matundu ni 6, kila mmoja upo au haupo, inakuja 64, toa ile isiyo na uzi kabisa inabaki 63, ila ukisema kukizungusha hakuleti mtindo mpya zinapungua).

1910 wakahamia Moscow, akasoma sekondari ya binafsi, chuo kikuu akaingia 1920. Enzi hizo njaa tupu, mwanafunzi wa mwaka wa pili anapata kilo 16 za mkate na kilo 1 ya siagi kwa mwezi, kwa hiyo jamaa akaimaliza fasta mitihani ya mwaka wa kwanza ili na yeye ale. Kwanza alishika na historia, akafanya utafiti wa umiliki wa ardhi Novgorod, mji wa kale wa Urusi, ya karne ya 15, mwalimu akamwambia umeleta uthibitisho mmoja, kwenye hesabu unatosha, sisi wa historia tunataka kumi. Ndo akakomaa na hesabu.

Kwangu ya utotoni siyo kubwa kihivyo, watoto wengi wanaiona wakiachiwa vifuniko wacheze. Kubwa ni ya 1922, ana miaka 19, bado mwanafunzi, akatengeneza msururu wa Fourier (jumla isiyoisha ya mawimbi) ambao karibu kila sehemu unakataa kutulia kwenye jibu.