Kabla Hujanunua Waya wa Laptopu na TV ya Zamani, Geuza TV Kwanza

Simu za namna hii huwa napigiwa mtu akiwa ameshasimama kaunta Kariakoo, muuzaji kashika waya mkononi: "Kaka, huu unafaa? Nataka kuunganisha laptopu na TV." Namuuliza nyuma ya TV yake kuna matundu gani. Hajui. TV iko Mbagala, yeye yuko Mtaa wa Aggrey, na foleni ya kurudi tunaijua wote. Kwa hiyo kabla ya lolote, geuza TV, washa tochi ya simu, piga picha mgongo wake wote pamoja na ubavu, kisha piga picha pande zote za laptopu. Maandishi madogo yaliyo kando ya matundu yasomeke. AV IN (matundu ya kuingizia picha na sauti) na AV OUT (ya kutolea) ni vitu viwili tofauti, na TV nyingi za zamani zinavyo vyote. Ukichomeka kwenye OUT utakesha.

Jambo la pili ukilielewa, nusu ya kazi imekwisha. Waya ni njia tu, haubadilishi kinachopita ndani yake. Tundu la HDMI la laptopu, lile bapa na jembamba, linatoa picha ya dijitali. Matundu ya rangi tatu kwenye TV, njano, nyeupe na nyekundu, yanapokea analojia. VGA, lile tundu pana ambalo mara nyingi huwa la bluu, lenye vitobo 15 katika safu tatu, nalo ni analojia, japo picha yake ni safi zaidi. Kati ya dijitali na analojia lazima kikae kifaa chenye chipu na kinachokula umeme, kifanye kazi ya mkalimani. Ndiyo maana ule waya wenye kichwa cha HDMI upande mmoja na mikia mitatu ya rangi upande wa pili, ambao machinga wanao mpaka kando ya barabara, hautakupa kitu kwenye laptopu. Ndani ni nyuzi tupu. Wengine huurudisha dukani wakidhani ni mbovu, wanabadilishiwa, na ule mpya unakuwa vilevile.

Kuna mwingine wa kuuepuka: wenye pini nyembamba kama ya hedifoni na mikia mitatu ya rangi. Huo ni wa baadhi ya ving'amuzi, kamera na deki ndogo za DVD. Tundu la hedifoni la laptopu linatoa sauti peke yake. Ule mkia wa njano unaweza kuuchomeka mpaka kesho, picha haitatoka.

Sasa tuanze na TV ya chogo, maana ndiyo yenye maswali mengi. Dar es Salaam mitambo ya analojia ilizimwa usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, na chogo nyingi zilizoendelea kuishi ni zile zilizokuwa na matundu ya AV ya kuchomekea king'amuzi. Maana yake kama chogo lako bado linafanya kazi, huenda waya wa rangi tatu unao tayari ndani ya nyumba. Usinunue mwingine. Kinachokosekana ni kile kiboksi kidogo cha plastiki, cheusi au cheupe, kinachoitwa HDMI2AV. Upande mmoja kina tundu la HDMI, upande wa pili matundu matatu ya rangi, na ubavuni tundu dogo la USB la kukipa umeme. Umeme huo unautoa kwenye USB ya laptopu yenyewe au kwenye kichwa cha chaja ya simu. Kipo kinachowaka bila USB kikichomekwa kwenye baadhi ya laptopu, lakini picha inakatika katika, kwa hiyo kipe umeme wake.

Hapa fungua macho. Dukani kuna viboksi viwili vinavyofanana kama pacha: HDMI2AV na AV2HDMI. Hicho cha pili kinafanya kazi kinyume, kinachukua picha ya deki ya zamani na kuipeleka kwenye TV mpya. Muuzaji mwenye haraka anaweza kukupa chochote kati ya hivyo. Usitazame kasha, soma kilichoandikwa kwenye kiboksi chenyewe: upande wa HDMI lazima paandikwe INPUT. Dalili nyingine ni kile kiswichi kidogo cha pembeni. Unachokihitaji kina PAL na NTSC. Kile cha kinyume huwa na 720 na 1080.

Kiswichi hicho kiweke kwenye PAL, maana ndio mfumo wa TV zilizouzwa huku kwetu. Chogo zilizokuja kama mitumba kutoka Marekani au Japani ndizo zinazotaka NTSC. Ukiona picha imekuja bila rangi, au inapanda na kushuka bila kutulia, usiite fundi. Sukuma kiswichi upande wa pili uone.

Waya wa njano ni picha, mweupe ni sauti ya kushoto, mwekundu ni sauti ya kulia. Chogo nyingi ndogo zina matundu mawili tu, njano na nyeupe, kwa sababu zina spika moja. Watu huuacha mwekundu ukining'inia na hapo sauti ya kulia inapotea: unasikia muziki wa sinema lakini mhusika mmoja anaongea kama yuko chumba cha pili. Dawa yake haiuzwi dukani. Kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya sauti, kuna swichi ya kuunganisha pande zote mbili kuwa sauti moja, yaani mono. Iwashe, kila kitu kitapita kwenye waya mweupe.

Halafu usitegemee miujiza. Picha ya PAL ina mistari 576 tu inayoonekana, na laptopu ya kawaida inatuma 768 au 1080, kwa hiyo kiboksi kinaibana. Mpira unatazamika vizuri, sinema vilevile, na katuni za watoto ndiyo kabisa. Maandishi ni shida. Niliwahi kuitwa na shangazi mmoja aliyetaka kufanyia hesabu za kikoba kwenye chogo la inchi 21, nikamfungulia jedwali lake, tukaangaliana. Tarakimu 3 na 8 zilikuwa sura moja. Kama lazima usome, kuza maandishi ya Windows mpaka asilimia 150 au zaidi. Na nyuso zikionekana ndefu na nyembamba, ni kwa sababu picha pana imesukumizwa ndani ya skrini ya mraba. Baadhi ya rimoti zina kitufe cha 16:9 kinachomaliza tatizo. Kama hakipo, chagua kwenye laptopu kipimo cha picha cha 1024 kwa 768 au 800 kwa 600, ambavyo vina umbo la chogo, ikiwa kiboksi kinavikubali.

Chogo lisilo na AV kabisa, lenye tundu la antena peke yake, lina njia moja ya bei rahisi: tafuta deki ya zamani ya kanda za video. Kiboksi kinaingia kwenye AV IN ya deki, deki inatoka kwa waya wa antena kwenda kwenye TV, na unaitafuta chaneli ya deki kwa kupekua, mara nyingi utaikuta UHF karibu na 36. Kanda huhitaji. Hata deki iliyokufa mtambo wa kuzungusha kanda inatosha, mradi inawaka.

Tukija kwenye flati za kizazi cha kwanza, zile nene kidogo za kuanzia miaka ya 2006 hivi, mambo ni mepesi. Wengi wanakimbilia rangi tatu kwa mazoea ilhali kando kuna tundu la VGA limeandikwa PC IN. Tumia hilo. Maandishi yanasomeka, picha inajaa. Kama laptopu yako ni ya zamani na ina VGA, unahitaji waya wa VGA dume kwa dume, basi. Kama ina HDMI tu, nunua adapta ya HDMI kwenda VGA, ile yenye kichwa kilichonenepa kidogo kwa sababu chipu imo ndani. Chukua iliyo na kitundu cha sauti pembeni, maana VGA haibebi sauti. Kutoka kwenye kitundu hicho, au kwenye tundu la hedifoni la laptopu, pitisha waya wa pini kwa pini mpaka kwenye tundu la TV lililoandikwa PC AUDIO IN. Bila huo waya, TV itakuwa bubu na utalaumu adapta bure.

TV ikikuandikia kwamba haikubali kipimo cha picha kinachotoka kwenye laptopu, na skrini ikabaki nyeusi, shusha kipimo ukiwa unaangalia skrini ya laptopu. Anza na 1024 kwa 768, kisha jaribu 1360 kwa 768. Flati nyingi za wakati ule zina skrini ya 1366 kwa 768, lakini kupitia VGA hazikubali kila kitu.

Mtego mwingine wa flati hizi ni tundu la kijani. Nyuma utakuta matundu matano: kijani, bluu, nyekundu, kisha nyeupe na nyekundu tena. Hakuna la njano. Kwenye nyingi ya TV hizo, njano inaingia kwenye lile la kijani, na utaona limeandikwa VIDEO chini yake. Nyekundu ya sauti inaingia kwenye ile iliyo jirani na nyeupe, siyo ile iliyo jirani na bluu. Ukishachomeka, rudi kwenye rimoti uchague AV. Ukichagua COMPONENT, picha itakuja nyeusi na nyeupe.

Kama flati ina HDMI, hata moja, achana na yote niliyosema hapo juu. Nunua waya wa HDMI wa kawaida. Muuzaji atakuonyesha wenye vichwa vya dhahabu na uzi uliosukwa, atakwambia picha itakuwa kali zaidi. Kwa TV ya zamani isiyozidi 1080, waya wa bei ya chini unaofanya kazi unaleta picha ileile. Hela yako iweke kwenye urefu: pima kutoka TV ilipo mpaka utakapokaa, ongeza nusu mita ya kuzungukia kabati. Mita tatu zinatosha sebule nyingi. Ukivuka mita kumi ndipo nyaya hafifu huanza kutoa vumbi la picha au kukatika. Kingo za picha zikikatwa, kiasi kwamba upau wa chini wa Windows hauonekani, tatizo liko kwenye TV. Kwenye LG tafuta Just Scan, kwenye Samsung tafuta Screen Fit, katika sehemu ya ukubwa wa picha.

Upande wa laptopu, angalia vizuri usije ukanunua kichwa kisichoingia. Kuna HDMI ya kawaida na kuna ile ndogo. MacBook nyingi za kuanzia mwisho wa 2008, kabla ya kuja zenye Taipu C, zina Mini DisplayPort, ambayo inataka adapta yake, na zile za mwanzo kabisa hazitoi sauti kupitia hapo. Laptopu mpya zina Taipu C, na hapa watu wanaliwa sana: siyo kila Taipu C inatoa picha. Nyingine ni za chaji na mafaili tu. Tafuta alama ya radi au herufi D na P zilizounganishwa kando ya tundu, au soma kuhusu modeli yako kwanza. Adapta haiwezi kuongeza uwezo ambao tundu halina.

Dukani, nenda na laptopu na uombe kujaribiwa papo hapo. Maduka mengi yana TV ukutani. Anayekataa kujaribu, mwachie mali yake. Ukifika nyumbani bonyeza Windows na P kwa pamoja, chagua kuonyesha sehemu zote mbili, kisha chukua rimoti ubonyeze SOURCE au INPUT mpaka ufike kwenye tundu ulilochomeka. Picha ikija bila sauti kwa HDMI, bonyeza alama ya spika kwenye laptopu uchague TV kama mahali pa kutolea sauti.

Filamu za kulipia kwenye intaneti zinaweza kugoma kupita kwenye kiboksi au adapta ya VGA, ukabaki na sauti na kiza. Hizo zina ulinzi wa HDCP unaotaka HDMI mpaka mwisho. Mafaili yako mwenyewe hayana shida hiyo.

Na ukisikia mvumo mzito kwenye spika, au mstari unapanda taratibu kwenye picha ya AV, chomoa chaja ya laptopu. Ukiisha, umeme wa pande mbili ndio unaogombana. Chomeka TV na chaja kwenye ekstensheni moja badala ya soketi mbili za kuta tofauti, ujaribu tena. Nyaya za AV na VGA zichomeke TV ikiwa imezimwa, hasa chogo. Na mfuniko wa nyuma wa chogo usiufungue hata kama limezimwa tangu asubuhi, umeme wa ndani unakaa.