Maswali na Majibu: Migomba na Ndizi

Nachimba machipukizi kwenye shamba la zamani ili nipande jipya. Nichague yapi, na nifanyeje fukusi wasinifuate? (Msomaji, Rungwe)

Chukua yale yenye majani membamba yaliyochongoka na shina lililonenepa chini. Yenye majani mapana tangu udogoni yaache. Tunguu lake ni dogo na mkungu wake huwa hafifu.

Menya tunguu kwa kisu mpaka libaki jeupe, na lenye vijia vya fukusi ndani litupe. Kisha lichovye kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30, si zaidi. Mayai ya fukusi na minyoo ya mizizi hufa, kiini hakiungui. Kazi hii ifanyie kule kule unakochimbia, maganda usiyapeleke shamba jipya. Shimo liwe sentimita 60 kila upande, debe moja au mawili ya samadi iliyooza yachanganywe na udongo wa juu. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 ekari hubeba miche kama 450.

Ndizi zangu zinaiva mkunguni kabla hazijajaa, na nikikata moja ndani ina rangi ya kutu. Je, ni ukame? (Msomaji, Muleba)

Siyo ukame. Huo ni mnyauko bakteria, ulioonekana Uganda mwaka 2001 na kuingia Kagera mwaka 2006. Ukitaka uhakika, kata shina la mgomba huo usubiri dakika chache. Usaha wa rangi ya maziwa au njano ukichuruzika, jibu umelipata. Mnyauko wa Panama, ambao watu wengi huuchanganya na huu, hautoi usaha wala hauharibu nyama ya ndizi.

Dawa ya kuutibu haipo, na atakayekuuzia atakuibia. Unachoweza ni kuukatia njia. Mdudu huubeba ugonjwa akifuata utomvu wa ua dume, kwa hiyo chana la mwisho likishatoka, livunje ua hilo kwa mti wenye panda. Usitumie panga, maana panga nalo ni msambazaji mkubwa. Ukilazimika kukata kwa panga, kila ukimaliza shina moja, panga lipitishe kwenye moto mpaka lisishikike, ndipo uende kwa la pili.

Shina lenye dalili likate usawa wa ardhi na ulirundike mbali na migomba mizima. Si lazima ung'oe migomba yote ya ukoo huo. Mara nyingi machipukizi mengine hupona. Zunguka shamba kila wiki, maana dalili huendelea kujitokeza kwa miezi. Mbuzi wasiingie, na machipukizi ya shamba hilo usimpe jirani hata akikuomba vipi. Mwenye kayinja (ndizi za pombe) awe macho zaidi, aina hiyo hushambuliwa upesi kupitia maua.

Nikipika mzuzu mbivu za nazi, tui linakatika. Kwa nini? (Msomaji, Tanga)

Moto mkali na kifuniko. Kwa mzuzu nne zilizoiva lakini bado ngumu, anza na vikombe viwili vya tui jepesi, iliki na chumvi kidogo. Chemsha mpaka ziive, kama dakika 15. Punguza moto, mimina kikombe kimoja cha tui zito na sukari vijiko viwili, kisha pwaga kwa upawa bila kuacha mpaka lianze tu kutokota, uepue. Mzuzu zilizolainika kupita kiasi zikaange, kwenye tui zitavurugika.

Utomvu unanichafua mikono nikimenya mbichi.

Jipake mafuta ya kupikia mikononi na kwenye kisu kabla hujaanza. Zilizomenywa zitumbukize majini moja kwa moja, zisiwe nyeusi.

Ndizi ziwekwe kwenye friji?

Mbichi hapana: baridi iliyo chini ya nyuzi 13 huzizuia kuiva, na hata ukizitoa zinabaki ngumu. Zilizokwisha iva unaweza. Ganda litakuwa jeusi, ndani ni salama kwa siku kadhaa.